Tundu Moyoni mwa Baraka

Ilianza Jumanne saa tano asubuhi, mwalimu wa baiolojia alipopasua moyo wa ng'ombe mezani. Alituonyesha vyumba vinne na ukuta wa katikati. "Wapo wanaozaliwa ukuta huu una tundu," alisema.

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu, kwetu Nanyala. Uani palinukia kahawa na magunia. Mama alirudi kutoka hospitali na mdogo wangu Baraka mgongoni, akasema moyo wa mtoto una tundu. Nilimtazama shangazi. Alikuwa akishona magunia kwa shazia, sindano nene ambayo alizoea kuichomeka kwenye kitenge kifuani, palepale alipombembelezea Baraka.

"Shangazi ndiye kamtoboa," nikasema.

"We mtoto, koma!" Mama alifoka.

Shangazi aliificha shazia nyuma ya gunia. Tangu siku hiyo hakumbeba Baraka tena, nami kwa miaka nikawa namchunguza mikono.

Jumatano asubuhi, kabla ya shule, nilikwenda kwake na Baraka. Alipotuona tu, akaificha shazia nyuma ya gunia, kama kawaida yake.

"Shikamoo shangazi. Kumbe Baraka alizaliwa na lile tundu. Nilikukosea."

"Marahaba," alijibu, macho chini.

Nikaichukua shazia nikashona lile gunia mimi, ili mikono yake ipate nafasi ya kumpokea Baraka.