Ukurasa wa Shukrani

Masharti ya shindano yalikuja yamechapwa kwenye karatasi tatu, na mwalimu wetu wa hesabu aliyasoma mbele ya darasa kama karani wa mahakama anayesoma hukumu. Timu iwe na wanafunzi watatu, si wawili wala wanne, na wote watoke shule moja. Swali litatolewa Alhamisi saa sita mchana, na Jumatatu saa sita mchana kazi iwe imefika kwa barua pepe. Ikichelewa hata dakika moja, basi. Vitabu vinaruhusiwa na intaneti inaruhusiwa, lakini ni marufuku kumuuliza mtu yeyote aliye hai, hata mwalimu. Tena jina lisionekane popote, si la mwanafunzi, si la shule, si la mahali. Kila ukurasa ubebe namba ya timu tu.

Lilikuwa shindano la kuunda mifano ya hesabu. Hata sisi tulilazimika kuelezwa maana yake: unachukua jambo la maisha, tuseme foleni ya kisimani au ugonjwa wa mihogo, unaligeuza kuwa hesabu, kisha unaiuliza hesabu hiyo kesho mambo yatakuwaje. Tulizoea hesabu zenye jibu moja, nalo limeandikwa nyuma ya kitabu. Hizi hazikuwa na jibu nyuma ya kitabu chochote.

Nilikuwa darasa la mwisho la sekondari. Nilikuwa nimetoka kwetu Ntoto, huko Walikale, nikaishi kwa shangazi yangu upande wa Masisi ili nisome. Mimi nilichaguliwa kwa ajili ya kuandika, kwa maana nilijua Kifaransa na nilikuwa naringa nacho, Mungu anisamehe. Wa pili alikuwa mtoto wa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mwenye duka na lori. Tuseme ukweli, huyo alichaguliwa kwa sababu ya jenereta ya baba yake, kompyuta ya baba yake na antena ya intaneti iliyokuwa juu ya bati la baba yake. Wa tatu alikuwa msichana wa Nyamitaba, na yeye ndiye alikuwa timu yenyewe. Sisi wengine tulikuwa wabeba mizigo.

Msichana huyo na baba yake walikuwa wamekimbia kwao, wakaishi kwenye kibanda cha maturubai mwisho wa mji. Mwalimu akiandika swali ubaoni, yeye alikuwa ameshalimaliza kabla chaki haijashuka. Wiki moja kabla ya shindano baba yake alikuja shuleni, amevaa buti za mpira, kofia mkononi, akaomba kuongea na mwalimu. Nilikuwa hapo hapo mlangoni.

"Prof, niko na ngombe moja tu ilibakia, iko kwa rafiki yangu kule juu. Huyu mutoto anasema anataka université. Kama kichwa yake iko ya kweli, nitaiuzisha. Kama hapana, ngombe itabakia, na yeye atalima sawa dada zake."

"Papa, karatasi ya shindano njo itasema," mwalimu akamjibu, kwamba hiyo ndiyo itakayoamua.

"Basi tungoje karatasi."

Sikumwona mzee yule kuwa mtu mgumu, na hata leo simwoni hivyo. Mtu aliyebaki na ng'ombe mmoja hawezi kumtoa kwa maneno matupu. Alitaka mtu asiyemjua binti yake, mtu wa mbali asiye na huruma wala upendeleo, aseme kama kichwa hicho kinastahili ng'ombe. Sisi wote tulijua hivyo. Cheti kikija, msichana anakwenda chuo. Kisipokuja, anashika jembe.

Kujiandikisha kulitaka anwani ya barua pepe. Mwalimu alikuwa nayo lakini alishasahau neno lake la siri, na mtoto wa duka alikuwa na simu ya michezo tu. Ikaandikwa yangu. Namba ya timu ikaja kwangu, na majibu yote yangekuja kwangu. Nilifurahi kama aliyepewa cheo.

Alhamisi tulijifungia chumba cha nyuma cha duka, kati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Swali lilihusu mbegu. Kuna vijiji vinane na barabara kadhaa, na mvua hukata baadhi ya barabara hizo. Weka maghala matatu mahali ambapo hakuna kijiji kitakachokosa mbegu msimu wa kupanda. Aliyelitunga alitupa ramani na urefu wa kila barabara kwa kilomita. Msichana aliiangalia ile ramani akacheka.

"Kilomita njo nini? Huyu mutu hajatembea. Huku tunahesabu na matope."

Akafuta kilomita zote. Kila barabara akaipa hesabu mbili za saa, moja ya kiangazi na moja ya mvua, kisha akaongeza kitu ambacho mimi sikukielewa vizuri: uwezekano kwamba siku hiyo barabara haipo kabisa. Kwa ajili ya kupima akachukua njia za kwao, za milima ya Nyamitaba. Hapo akakwama, akasema anakwenda kumuuliza baba yake, aliyeswaga ng'ombe kwenye njia hizo maisha yake yote. Mtoto wa duka akainua karatasi ya masharti juu.

"Papa yako iko muzima, hajakufa. Reglema inakataza bantu bazima."

"Na kama hiyo njia niliikanyaga miye mwenyewe na miguu yangu?"

Tukasoma masharti kwenye karatasi zote tatu, mbele na nyuma. Hakuna mahali yalipokataza miguu. Tulicheka mpaka mama mwenye duka akaja kuuliza kama tunasoma au tunakunywa. Sikumbuki kama tulicheka tena pamoja, sisi watatu, baada ya siku ile.

Mwalimu alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Siku ya kwanza alituambia, "Kuanzia saa sita miye niko mayiti. Musiniulize kitu." Na kweli alikuwa maiti. Alituletea bugali na sombe ya majani ya mihogo, akaweka sahani kizingitini, akaondoka bila hata kutusalimu, asije akasema neno moja likahesabiwa kuwa msaada. Jumatatu asubuhi, kabla tu ya kutuma, nilimwonyesha kwa mbali kwamba tumemaliza, nikamwomba aangalie tu mpangilio wa kurasa. Alifumba macho, akageuka. Laiti angekuwa mwizi kidogo, angetuokoa.

Asubuhi hiyo msichana alimaliza jedwali la mwisho kama saa mbili, akaenda shambani kumsaidia baba yake, kwa maana alikuwa amekosekana siku nne nzima. Mtoto wa duka akaenda kutafuta mafuta ya jenereta. Nikabaki na kompyuta na saa nne za bure. Kazi ilikuwa imekamilika, kurasa kumi na saba. Niliipitia mwanzo hadi mwisho nikaona aibu.

Kwetu hakuna kazi ya shule isiyoanza na shukrani. Mungu wa kwanza, halafu wazazi, halafu wakubwa wa shule, halafu wote waliokulisha na kukulaza. Siku mwanafunzi anapotetea kazi yake ya chuo, nusu ya waliokuja hawaelewi hata neno moja la ndani. Wanafungua ukurasa wa kwanza kutafuta majina yao. Kaka yangu mkubwa alimsahau mjomba mmoja katika kazi yake, na mjomba yule alikaa mwaka mzima bila kukanyaga kwetu. Alikuwa amechangia mafuta ya taa. Sasa mimi nipeleke kurasa kumi na saba uchi, zenye namba juu tu, kama mtoto aliyeokotwa njiani?

Nikajitetea mwenyewe kama wakili. Masharti yanakataza majina ndani ya kazi. Shukrani si kazi, inasimama mbele ya kazi. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwadhibu mtoto kwa kusema aksanti. Nikaandika. Nilimshukuru Mungu. Nilishukuru shule kwa jina lake refu lote, mwalimu kwa majina yake matatu, na mwenye duka kwa jenereta na chumvi tuliyoikalia. Nilimshukuru mzee wa Nyamitaba kwa kutuazima binti yake. Mwisho nilimshukuru mama yangu, aliyezikwa Ntoto kabla hajaniona nimevaa shati jeupe la shule, nikaandika jina lake ambalo sikuwahi kuliona limechapwa mahali popote. Machozi yalinitoka. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika, na wenzangu sikuwaonyesha. Nilitaka wenzangu waje kuuona siku ya cheti, washangae.

Saa tano nikatuma. Faili ikaenda bila shida.

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa. Nililisoma kwenye simu, nimeegemea ukuta wa lile duka. Lilikuwa na mistari mitatu tu. Kazi ya timu yenu ina majina ya watu na ya shule. Kwa mujibu wa masharti, imeondolewa bila kusomwa. Tunawatakia mafanikio.

Nilisoma tena, nikitafuta mahali pa kuomba msamaha, lakini barua ile haikuwa na mlango. Nikaenda shuleni, nikawakuta mwalimu na wenzangu wawili wamekaa kwenye ngazi ya darasa, nikasema, "Hatukupita."

"Bamesema nini?" mwalimu akauliza.

"Bamesema hatukupita tu."

Msichana alisimama akapangusa sketi, akaenda zake nyumbani. Mwalimu alinipiga begani polepole, mimi, kama vile ndiye niliyehitaji kupozwa. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikaona nisubiri Jumatatu. Kabla ya Jumatatu milio ya risasi ilisogea, barabara ikafungwa, shule ikafungwa, na kila mtu akashika njia yake. Duka lile lilibebwa lote, chumvi, kompyuta, hata bati lenye antena. Mwalimu sijui alielekea wapi. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimetembea kwenye yangu miaka minne bila kufika mwisho wake.

Sasa ninafundisha hesabu, huko huko Walikale. Ndiyo, mimi, mbeba mizigo. Msimu uliopita mkuu wa shule alinituma Ngungu, upande ule wa Masisi, kutafuta mbegu za viazi kwa shamba la wanafunzi. Niliteremka sokoni nikiwa na matope mpaka magotini, na mama wa tatu niliyemuuliza bei alikuwa yule msichana wetu. Alikuwa na mtoto mgongoni na mikono iliyopasuka kwa jembe.

"Kaka! Njo weye?"

Alifurahi kweli. Alinipa kigoda nikae, akaniuliza habari za shangazi na za Ntoto. Nikamuuliza habari za baba yake, akasema yuko, ila mguu unamsumbua. Halafu akaniambia habari za ng'ombe bila mimi kuuliza. Siku ile alipotoka shuleni alimkuta baba yake ameshafanya mpango wa kwenda kumchukua mnyama, hakungoja hata karatasi. Mzee alikuwa amekwisha kuamini.

"Njo miye nilimukataza," akasema. "Nilimuambia, Papa, usiiuzishe, kichwa yangu haikutosha. Kisha miezi mbili benye bunduki bakaikamata kule juu. Bakaikula."

Alisema hivyo huku akichambua viazi vilivyooza. Mimi nilikuwa naangalia udongo. Kisha akaacha kuchambua, akanikaribia na uso ule ule wa darasani.

"Sasa weye unafundisha hesabu, utaniambia. Ninajiulizaka mpaka leo, nikiwa nalima. Nilikosea wapi? Nafikiri ni ile njia ya Nyamitaba. Saa za mvua niliweka kidogo sana."

Miaka minne alikuwa akitafuta kosa ambalo halikuwapo. Nikamwambia. Nilimwambia habari za ukurasa, majina, mama yangu, ile mistari mitatu, na ngazi ya darasa niliyosimama mbele yake nikanyamaza. Nilisema yote kwa haraka, nikimwomba msamaha kila baada ya neno, mpaka wanunuzi wakaanza kutuangalia.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga.

"Kwa hiyo hesabu yangu haikukuwa na kosa?"

"Hawakuisoma, dada."

"Hata mutu moja?"

"Hata mmoja."

"Lakini weye uliisoma. Njo uliiandika. Ilikuwa sawa?"

Nilikuwa nimeandika maneno kuzunguka hesabu zake bila kujua ndani yake mna nini. Leo ningeweza kuzifuata mstari kwa mstari, ninafundisha mambo hayo, lakini kompyuta ilikwenda na duka, na daftari lake aliniambia mwenyewe waliliwashia moto wa kupikia. Ile niliyoituma iliondolewa na watu walioishia ukurasa wa kwanza, na ile anwani yangu ya barua pepe niliipoteza pamoja na simu wakati wa kukimbia. Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananitazama akingoja, na ndiyo ingenitoka kirahisi sana.

"Sijui," nikasema. "Kweli sijui."

Mtoto alianza kulia mgongoni, naye hakumtikisa.

"Kosa nilikuwa nimeshaizoea, kaka," akasema. "Hii ingine, ya kutojua, sasa nitaipeleka wapi?"