Mfalme Ana Mafua

Hili lilitokea, na mimi nilikuwepo, tena nikiwa sijanywa kitu zaidi ya chai. Nalisema mapema kwa sababu maisha yangu yote nimekula kwa kuandika makala za kuwacheka watu wanaoona mambo. Chuo kikuu nilifundishwa kwamba mizimu ni chombo cha watawala, nami nikalirudia neno hilo kila mahali, hata harusini. Kwa hiyo ukinicheka, unanicheka kwa maneno yangu mwenyewe.

Vuga unaijua? Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, unashuka Soni, unatembea. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya wafalme wa Usambara. Siku hizi ni migomba, kahawa, shule na ukungu. Mgeni anaweza kuukatiza mji mkuu mzima akidhani anapita kwenye shamba la mtu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Machifu walikwisha kuondolewa na kiti cha Vuga kilikuwa hakina mtu. Rafiki yangu Hoza, niliyesoma naye chuo, alikuwa mwalimu pale, na alikuwa ameandika tamthilia kuhusu yule mwindaji wa zamani anayesimuliwa: alitokea porini na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, watu wakamfanya mfalme. Hoza alimwita mjamaa wa kwanza. Mkuu wa wilaya angekuja kuitazama.

Nilipanda kumsaidia. Njiani nilipita Mazinde, kule chini barabarani, kumsalimu mama yake, mjane. Akanishika mkono. "Sina mwingine," akasema. "Mkimaliza maigizo yenu mteremshe, aje aniezekee nyumba kabla ya masika." Nikamwambia nitamleta mwenyewe.

Shida ilianza na kilio. Hoza alitaka mfalme afe jukwaani na wanawake walie. Mama Nyange, jirani yake, aliyekuwa amekubali kuigiza, akajifunga kanga upya na kukataa.

"Mwalimu, hapa mfalme haliliwi. Akifa, wazee wanasema ana mafua. Uji unapikwa, unapelekwa ndani kama kawaida. Kilio ni mpaka mwingine akae kwenye kiti."

"Mama Nyange, mchezo usio na kilio ni mkutano wa kijiji."

"Basi lia wewe. Mimi nina maharage jikoni."

Wanawake wengine wakaondoka naye. Hoza hakushindwa. Alikwenda mashamba ya chai akaleta vibarua wa kike, watu wa mikoa ya mbali, wasiojua lolote la Vuga. Nami nikampongeza kwa ubunifu.

Siku ya mazoezi, mchana, ukungu ulishuka hadi tukawa hatuoni magoli ya uwanja wa shule. Hoza, kwa kuwa hakuna mzee aliyekubali kuwa mfalme, alijilaza mwenyewe chini ya shuka. Wale akina mama wakalia. Niamini, walilia hasa. Kila mmoja alikuwa na maiti wake wa kumkumbuka. Nywele zilinisimama, nikajisifu kwamba hiyo ndiyo sanaa.

Ndipo akatokea mtu ukunguni, na mbwa nyuma yake. Mbwa wasiobweka. Nilidhani ni mwigizaji ambaye Hoza hakunitajia. Lakini sote tulikuwa tumelowa kwa ukungu, yeye alikuwa mkavu kama aliyetoka kuota moto, na alinuka mafuta ya nguruwe mwitu. Nikajikuta nimesema shikamoo. Hakuitikia.

"Nimesikia kilio," akasema. "Nani anakaa?"

Hoza akatupa shuka, akainuka akicheka. Unamjua mtu wa mizaha? "Mimi hapa, babu! Kiti kipo, nakaa." Akajitupa kwenye kigoda tulichoazima.

Yule mtu akamwekea mkono begani. "Haya. Kaa."

Akarudi ukunguni. Uwanja ulikuwa matope matupu, na hatukuona alama hata moja ya unyayo wake wala ya mbwa.

Mchezo haukuchezwa. Kesho yake nilitaka kumteremsha Hoza kwa mama yake. Tulipoanza kuteremkia Soni, miguu yake ikafa. "Siinuki, mgosi," akaniambia, kama Wasambaa wanavyoitana wanaume, kwanza akicheka, kisha bila kucheka. Tukambeba, damu ikamtoka puani, tukageuka. Kila alipoelekezwa Vuga alitembea kama mzima. Tulijaribu tena na tena, hata kwa gari la misheni. Ni yaleyale.

Kisha akaanza kunyamaza. Mama yake akapanda mlima kwa miguu yake mibovu, akamkuta amekaa kwenye kigoda kile. Alimwita jina lake. Hoza akamtazama tu, akingoja. Sote tulielewa anachongoja. Mama akavumilia, akavumilia, mwisho akapiga goti mbele ya mtoto aliyemzaa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akajibu Hoza.

Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo. Mama aliteremka Mazinde siku ileile na hakupanda tena. Nyumba nilimwezekea mimi, vibaya. Inavuja hadi leo.

Miaka imepita, nami nimekuwa nikipanda kila nipatapo nafasi. Mama Nyange ndiye anayempikia. Safari ya mwisho nilikuta mlango umefungwa. Bakuli la uji lilikuwa linaingizwa ndani.

"Nimuone," nikasema.

"Ana mafua."

"Tangu lini?"

"Mafua tu, mgosi. Rudi msimu mwingine."

Nilisimama pale na elimu yangu yote. Ningeweza kuusukuma ule mlango, haukuwa na kufuli. Sikuusukuma. Nikateremka.

Mazinde mama alikuwa barazani. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini hatua zangu anazijua. "Mwanangu hajambo?"

Nikasema, "Hajambo, mama. Ana mafua kidogo."

Yeye ni Msambaa, amezaliwa huko juu. Mikono yake ilisimama juu ya ungo wa maharage mpaka basi la Same likapita na vumbi lake likatulia. Kisha akauliza kama uji wanampelekea. Nikamwambia wanampelekea. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua maharage. Hakulia.

Basi wewe unayesoma, ukipanda Vuga kutazama mji mkuu wa zamani, tazama migomba, piga picha, uteremke. Usimlilie mtu pale, hata kwa mchezo. Na akitokea mtu mkavu kwenye ukungu akauliza nani anakaa, usicheke, usijibu, tafuta njia ya Soni. Mimi kilio changu bado ninacho. Siwezi kukitoa mpaka mwingine akae, na simwombei mtu yeyote akae pale.