Kabale Aliyepima Kichwa Kupitia Jicho

Kwa miaka kumi na moja Kabale Guracha alikuwa akipiga picha za mimba katika hospitali ndogo ya kibinafsi pale Bulla Pesa. Kisha akatumwa semina ya siku mbili Meru, na huko akaonyeshwa jambo ambalo hakulitarajia: mashine ile ile ya ultrasaundi, ikiwekwa juu ya kope iliyofungwa, inaonyesha neva inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Neva hiyo imevikwa ala kama kisu, na maji yanayozunguka ubongo hufika hadi ndani ya ala hiyo. Presha ikipanda ndani ya fuvu, ala inavimba. Hivyo mtu anaweza kukisia presha ya kichwa bila kutoboa fuvu wala kudunga sindano mgongoni.

Aliporudi alianza kujizoeza. Aliwapima wauguzi, mlinzi wa geti, mumewe, na mama mkwe wake ambaye alilalamika kwamba jeli ilikuwa baridi. Kwa wengi upana wa ala ulikuwa chini ya milimita tano. Mwanzoni mkono ulimdanganya. Akimpima mtu mmoja mara tatu, alipata majibu matatu. Ilimchukua miezi minne hadi majibu yakaanza kukubaliana. Daktari Kithinji, mkuu wake, alimwambia kwamba nusu milimita ni kitu kidogo sana cha kuamulia maisha ya mtu. Kabale hakubishana naye, kwa sababu wasiwasi huo huo alikuwa nao yeye mwenyewe.

Jumanne moja asubuhi Galgalo, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Biliqo, alianguka kutoka juu ya lori sokoni wakati wa kupakia. Alizimia kidogo, akaamka, akafika hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, kaka yake Denge akiwa kando yake. Alijua ni siku gani, na alijua ni ngamia wangapi walikuwa hawajapakiwa. Kichwa tu ndicho kilichomuuma. Mashine ya kupiga picha ya ubongo ilikuwa Meru, kwa hiyo daktari aliamua akae kwanza aangaliwe. Saa sita mchana Kabale alimpima akapata tano nukta mbili, macho yote mawili. Ilikuwa juu kidogo, lakini hata mlinzi wa geti alikaribia hapo. Akahifadhi picha hizo.

Saa tisa Denge alitaka kumchukua ndugu yake waondoke na lori. Kabale akaomba dakika kumi. Galgalo alikuwa bado anaongea, ila alikuwa ametapika mara moja na majibu yake yalikuwa yanachelewa. Kabale aliegemeza mkono kwenye shavu lake ili asilikandamize jicho, akapima. Kulia, sita nukta moja. Kushoto, sita nukta tatu. Alifuta akaanza upya, akapata yale yale.

Alienda kwa daktari. "Siwezi kukuambia kuna nini ndani," alisema. "Lakini saa sita alikuwa tano nukta mbili, na sasa amepita sita. Mkono ni ule ule na mashine ni ile ile. Kuna kitu kinapanda."

Kithinji alitazama picha zote, kisha akaenda kumulika macho ya Galgalo kwa tochi. Mboni zilikuwa sawa. "Tukingoja zibadilike, tutakuwa tumechelewa," alisema, akaagiza ambulensi.

Aliyebaki kushawishiwa ni Denge. "Dada, mtu anaongea hivi, unataka akapasuliwe?"

"Sijasema apasuliwe. Nasema apigwe picha. Wakikosa kitu, rudi unitukane mbele ya watu wote, nitakaa nisikilize."

Denge akaenda kuchukua shuka ya ndugu yake.

Walipofika Subuiga, njiani kwenda Meru, Galgalo aliacha kumjibu Linda, muuguzi aliyemsindikiza. Picha ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, na jioni hiyo hiyo akafanyiwa upasuaji. Kabale alipigiwa simu kuambiwa hayo kesho yake asubuhi akiwa na mama mjamzito kitandani. Alimalizia kumwonyesha mtoto amelala vipi, akampangusa jeli, kisha akatoka nje akaketi kwenye ngazi.

Si kila mara mambo huwa hivyo. Mwezi wa sita alifanya mwanamke mmoja kutoka Kulamawe apelekwe Meru, picha haikuonyesha kitu, na mume wa mwanamke huyo alisema maneno makali. Kabale aliomba radhi.

Galgalo alikuja kumsalimia baada ya miezi mitatu. Mkono wake mmoja ulikuwa mzito bado, na siku hizi Denge ndiye anayenunua ngamia. Galgalo aliomba kuonyeshwa ile picha ya jicho lake. Kabale akamwonyesha mstari mweusi nyuma ya jicho.

"Ni huu tu?" aliuliza Galgalo.

"Ni huo tu."

Siku hizi Daktari Kithinji huagiza kipimo hicho mwenyewe, na Kabale anamfundisha Linda. Linda ana macho makali, lakini bado anakandamiza mno.