Gunia la Kuzuia Risasi

Eduvigis Galvis alikuwa mtu wa mwisho kijijini kwetu aliyejua kusokota uzi mwembamba wa fike, uzi wa kufumia kitambaa. Kamba ya kufungia mbuzi hata mlevi anaweza. Alifunga fungu la nyuzi kiunoni, akaunganisha ncha kwenye gurudumu, kisha akarudi kinyumenyume uani, hatua thelathini, uzi ukizaliwa vidoleni mwake. Mama yake alifanya hivyo katika ua ule ule, na binti akisokota vibaya alichapwa kwa fungu hilo hilo. Zamani gurudumu lilizungushwa na mtu. Siku hizi linazungushwa na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Mimi jirani yake, mzee wa vitabu, nilimwambia linapiga kelele kama mbunge.

"Afadhali mota," akanijibu. "Haiombi pombe saa nne asubuhi."

Fike ni ndugu wa mkonge, majani kama mapanga, na huku milimani Santander imetulisha tangu kabla ya makanisa. Kahawa ya nchi hii ilishuka bandarini ndani ya magunia yetu. Likaja gunia la plastiki, na wale wale tuliowafungia kahawa wakagundua ghafla kwamba tunanuka. Wenzetu wakang'oa mashamba. Aliyebaki na mtelemko mzima wa fike ni Eduvigis, na mtelemko wenyewe uliandikwa jina la mwanawe Reinel, mtu wa miaka arobaini na simu mbili.

Reinel alitaka kuung'oa apande nyanya.

"Mama, hii miiba inatulisha nini? Akina Chacón wana nyanya, wamenunua pikipiki."

"Na zikioza?"

"Kinachouzwa ndicho kinachooza, mama. Fike haiozi kwa sababu hakuna anayeitaka."

Wakapatana hivi: kama hadi sikukuu ya Mtakatifu Petro hajapatikana mnunuzi wa maana, Reinel angeleta trekta. Bila mtelemko ule Eduvigis asingekuwa na nyuzi, na bila nyuzi angebaki bibi wa kukaa kibarazani akihesabu magari ya watalii. Aliniambia hilo waziwazi, akiwa anapindua arepa, mikate yetu ya mahindi, kwenye kikaango.

Ndipo akaja mhandisi Peñaloza wa chuo kikuu, viatu vyeupe, akitangaza kwamba amevumbua fike. Watu wa mjini wana tabia hiyo: wakiokota kitu walichokitupa bibi zao, wanakiita uvumbuzi. Alitaka kutengeneza fulana za kuzuia risasi. Kitambaa cha fike kinalowekwa kwenye gundi ya viwandani, kinabanwa kwa moto tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa bamba, na mbele yake kinawekwa kigae kigumu. Kigae kinaivunja risasi, bamba linameza vipande. Alinieleza polepole kama anayezungumza na punda. Nilipomwuliza gundi yake inashikaje kwenye nyuzi zenye unyevu, akatazama saa.

Alimwagiza Eduvigis mita kumi na mbili za kitambaa "cha ubora wa juu kabisa", akanywa kahawa yake amesimama getini, akaondoka. Uani hakuingia. Hakutaka kuona gurudumu, wala mikono ya aliyekuwa anamwagiza. Kitambaa kilipokwisha alimtuma mtu kukichukua.

Na kilikuwa kitambaa! Nimeishi miaka sabini na sita na sijaona kingine kama kile: laini, kimebana, mshindio, zile nyuzi za kukingama, umenyooka kama mstari wa daftari. Ungeweza kumfunika nacho mtoto mchanga.

Siku ya kujaribu, Peñaloza aliwaalika meya, padre na mpiga picha kwenye machimbo ya zamani ya chokaa. Bamba likasimamishwa mbele ya donge la udongo lenye unene wa godoro, kwa sababu udongo ndio unaoonyesha kifua cha mtu kingeumia kiasi gani. Meya alihutubia juu ya mustakabali. Kisha sajini mmoja mstaafu aitwaye Ardila, mtu mfupi asiyependa hotuba, akafyatua risasi moja.

Bamba lilifumuka kama kitabu kilichonyeshewa. Tabaka zikaachana moja moja, na kwenye udongo pakawa na shimo la kuingiza ngumi.

Mtu akacheka. "Turudishieni gunia letu, tutilie viazi!" Wengine wakadakia. Reinel hakucheka, lakini nilimwona akitoa moja ya simu zake, na nilijua anamtafuta mwenye trekta. Eduvigis alisimama ameshika ncha za shali yake kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Peñaloza alikuwa tayari anamweleza meya kwamba malighafi ya vijijini haina uthabiti. Aliyeokota vipande ni Ardila. Akavinusa.

"Mhandisi, mbona bamba lako linanuka supu?"

"Supu gani?"

"Ni shahamu ya ng'ombe, baba," akasema Eduvigis. "Ulitaka nisokote kwa mate?"

Kwetu hakuna asiyejua kwamba nyuzi hupakwa shahamu kabla ya kusokotwa, maana zikiwa kavu zinakata vidole na uzi unatoka na manyoya. Ni kitu ambacho hakisemwi, kama vile mtu hasemi kwamba amenawa mikono kabla ya kukanda unga. Na yeye, kwa kuwa ameagizwa ubora wa juu kabisa, alikuwa amepaka mara mbili. Gundi ilikuta mafuta, ikateleza. Chuo kizima, na hakuna hata mmoja aliyenusa.

"Mama, kwa nini hukusema?" Peñaloza akalalamika.

"Kwa nini hukuingia ndani?"

Meya alikwisha ondoka. Zilibaki wiki tatu kufika Mtakatifu Petro. Eduvigis akamgeukia mwanawe hapo hapo, mbele ya watu.

"Zima hiyo simu. Siku zangu hazijaisha."

Akasokota kavu, bila shahamu. Siku ya pili vidole vilikuwa vimefungwa vitambaa, siku ya tano vitambaa vyenyewe vilikuwa vyekundu. Uzi ulitoka mkali, umetimka kama mkia wa paka aliyeona mbwa. Alikuwa akirudi nyuma uani huku akimwomba marehemu mama yake radhi kwa sauti. Nilimwambia aache, kwamba wajinga hawa hawastahili hata tone moja la damu yake.

"Wewe una vitabu vyako, don Anselmo," akasema bila kusimama. "Mimi nina mtelemko. Nipishe hapo, unanizibia njia."

Peñaloza akabana bamba jipya, na mara hii ya pili hapakuwa na meya wala padre. Ardila akapiga risasi tatu. Kigae kilivunjika vipande, lakini bamba lilibaki bamba, na shimo kwenye udongo halikufika hata nusu ya kidole changu. Peñaloza aliruka kama mbuzi, akamkumbatia Ardila, akaikumbatia bunduki. Akaagiza mita mia mbili, za namna hiyo hiyo. Reinel alilitazama lile shimo dogo kwa muda mrefu. "Haya, mama," akasema, na kuhusu trekta hakutamka neno tena.

Eduvigis hakufurahi kama nilivyotarajia. Alichukua kipande cha kitambaa kilichosalia, akakishika juani, akakipitishia kidole kilichofungwa.

"Hiki ndicho kitambaa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kufuma."

"Lakini kinafanya kazi, mama!" akasema Peñaloza.

"Nimeona. Mita zako utazipata. Ila ukiandika karatasi zako, jina langu usilitie humo. Bado kuna watu wanaomkumbuka mama yangu."

Mhandisi alikubali. Alikubali upesi sana, hata hakuuliza jina lenyewe ni nani.