Mdako Mlangoni kwa Nyanya

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyumba ya pili kutoka kwetu hapo Shella, Malindi, alihamia mama mmoja kutoka bara. Alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka hotelini. Binti yake alikuwa rika langu, miaka minane hivi, na Kiswahili hakukijua. Alikaa barazani kutwa akitutazama tukicheza mdako: unarusha jiwe juu, unachota kokoto shimoni, kisha unalidaka jiwe kabla halijagusa chini.

Siku moja mwenzangu aliitwa kwao, nikabaki peke yangu. Nikamwashiria yule mgeni kwa kidevu. Akaja mbio. Kumbe ana vidole vyepesi! Alinishinda mara tatu. Mara ya nne jiwe liliponiponyoka, nikaliokota upesi nikajifanya nimelidaka.

Akaruka wima. "Limeanguka! Nimeliona!"

Maneno yetu wenyewe, tuliyokuwa tukipigiana kelele kila siku. Nikamsukuma, akaanguka kitako. Nyanya yangu akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Kuna nini?"

"Huyu mwongo, nyanya."

Nyanya akamgeukia. "Hebu sema, mwanangu."

"Limeanguka," akarudia.

Nyanya akaniangalia mimi. "Lilianguka?"

"Ndiyo," nikasema, nikingoja kofi.

Halikuja. Nyanya alipangusa mikono, akakunja leso yake, akaketi mchangani na magoti yake yale mabovu. "Nipeni hilo jiwe."

Mara ya kwanza alikosa. Ya pili akalizoa shimo zima, na yule mtoto akapiga makofi na kucheka. Hapo ndipo mamake alipotokea, angali na sare ya kazini. Akasita, hajui apite au asimame.

"Shikamoo, mama," akamwamkia nyanya.

"Marahaba. Keti, mwanangu, zamu yako inakuja."

Akaketi, viatu mkononi. Tangu ahamie hakuwa ameketi na jirani yeyote. Ramadhani ilipofika alikuwa akija kwetu alasiri kukunja sambusa, ingawa yeye alikuwa mtu wa kanisani, na binti yake alikuwa akibishana nami kwa Kiswahili zaidi kuliko dada zangu.

Watu husema mchezo ndio ulionifunza mimi kukubali kushindwa. Labda baadaye. Jioni ile nilinuna mpaka chakula kikapoa, maana nyanya alikuwa amempakata yule mtoto.