Kilalio cha Sungura

Mume wangu wanamwita Kidevu Juu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila anayeingia studio kwetu kupiga picha ya paspoti huambiwa vilevile: "Kidevu juu kidogo." Hata wenye videvu viwili huambiwa. Kazi yangu mimi ni kuwatengeneza kabla hajabonyeza: kola iliyopinda, uzi unaoning'inia begani, nywele zilizoangukia jichoni. Nina kitana, pini na mkasi mdogo wa kukatia picha, na vyote hukaa kwenye mfuko wa aproni. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na mkono wangu umeizoea hata hauniulizi.

Studio yenyewe ni chumba kimoja chenye pazia jeupe, stuli na taa mbili. Ungedhani mtu anayeshinda humo siku sita, ya saba angelala. Yeye siku ya saba alikuwa akiamka mapema kwenda kujilaza kifudifudi kwenye uwanda wa nyasi nyuma ya matangi ya maji, akiwavizia sungura wa porini. Si wale wa kufugwa, ambao wakiachiwa huchimba mashimo na kuzaa vitoto vipofu visivyo na unyoya. Huyu wa porini huzaa juu ya ardhi, na kitoto hutoka na manyoya yake na macho wazi. Mama hukiacha peke yake kutwa katika kilalio, yaani kibonde cha nyasi kinachokienea mwili, ili yeye mwenyewe asiwaelekeze maadui kwa mwanawe. Hurudi jua likizama, akakinyonyesha, akaondoka tena. Hayo yote alinifundisha mezani, nikitaka nisitake.

Picha alizoleta nyumbani zilikuwa kichekesho. Masikio mawili yametokeza nyasini. Mkia. Mara nyingi vumbi tu, naye anaapa kwamba sungura alikuwa hapo sasa hivi.

"Miaka sita unapiga picha matako," nilimwambia. "Siku ukiuona uso utautambua kweli?"

Alicheka. Alikuwa na sharti moja tu: hagusi kitu. Hatupi chakula, hapigi mluzi, hasogezi jani. Sungura asipojionyesha, basi, si riziki yake siku hiyo. Mimi nililiona sharti hilo kuwa kisingizio cha mtu asiyejua kulenga, na nilimwambia hivyo mbele ya wateja.

Mwaka jana nikaamua kufuatana naye, nikashuhudie huo uchawi. Hatukufika mbali. Hatua chache kutoka kwenye njia, kitoto cha sungura kilikuwa kimejikunyata katika kilalio chake, kidogo, kinaingia kiganjani. Mume wangu akalala chini taratibu, akaweka jicho kwenye kamera, akakaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

"Unyasi mmoja unakatiza jichoni," akanong'ona.

Hakuniambia nifanye lolote. Alikuwa analalamika tu, jinsi anavyolalamika kila wiki. Lakini mimi nilisikia maneno ya studio. Nikatambaa, nikatoa mkasi, nikaukata ule mmoja. Nikakata wa pili, uliotia kivuli puani. Kisha nikausafisha upande wote wa mbele, na juu kidogo ili mwanga uingie, mpaka uso ukakaa wazi. Kitoto hakikutikisika. Nilidhani kimetuzoea. Mume wangu alinitazama, akafungua mdomo, kisha akarudisha jicho kwenye kamera akabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri. Jicho lilitoka linang'aa, na kila unywele wa sharubu ungeweza kuuhesabu.

Jioni ile ile tulirudi, maana alitaka kumpata mama akinyonyesha. Kilalio kilikuwa wazi upande ule nilioukata, na ndani mlikuwa na manyoya machache yaliyogandamana kwa damu. Mwewe hahitaji zaidi ya hapo. Tukasogea mbali, tukajilaza, sijui kwa nini. Jua lilipogusa matangi, mama akaja kwa kurukaruka na kusimama. Akanusa kibonde. Akazunguka, akanusa tena, kisha akakaa pale pale, masikio yamelala. Mume wangu alikuwa ameishika kamera na hakuiinua.

Sisi sote tumelelewa na hadithi za sungura mjanja, anayemdanganya simba na kumcheka fisi. Nilikuwa bado nadhani mnyama huyo ana hila zake za akiba. Kile kitoto hakikuwa na hila yoyote ila kutulia na kufichwa na nyasi. Nusu ya hila hiyo niliifyeka mimi. Niliona aibu, na kwa kuwa sijui kukaa na aibu, tukiwa njiani kurudi nikamgombeza yeye.

Picha niliichapisha mimi, nikaitundika mimi. Yeye alisema tuiache. Nikamjibu kwamba yaliyomwagika hayazoleki, angalau picha ionekane. Haikupita wiki mbili akaja mkutubi wa maktaba ya mjini kupiga picha ya kitambulisho, akaiona, akasahau hata kukaa kwenye stuli.

"Watoto wangu kule wanamjua sungura wa hadithi tu, yule mwenye suruali," akasema. "Naiomba niiweke ukutani. Lakini hamkumsumbua, eti?"

Mume wangu alivuta pumzi ajibu. Mimi nikamtangulia.

"Hata jani hatukugusa."

Maneno hayo mkutubi aliyaandika kwenye kadi, akaibandika chini ya picha: *Hata jani halikuguswa.* Tangu siku hiyo mume wangu hakwenda tena uwandani. Siku ya saba alikaa nyumbani akifuta lenzi ambazo hazikuwa na vumbi. Aliniomba twende kwa mkutubi tukamwambie.

"Funika kombe mwanaharamu apite," nikamwambia. "Nani ataumia? Sungura hajui kusoma."

"Mimi najua," akasema.

Kisha mkutubi akamwalika azungumze na watoto na walimu wao, Jumamosi asubuhi. Kutwa nzima ya Ijumaa nilimsihi aseme machache na ashuke. Jina la studio lilikuwa linasimama kwa mara ya kwanza, na nilijua akitamka tu, litaanguka. Yeye akaendelea kufuta lenzi.

Maktaba ilijaa. Nilikaa mstari wa pili. Mwalimu mmoja akasimama kabla hata mume wangu hajaanza, akasema kwa furaha kwamba Jumatatu atalipeleka darasa lake zima uwandani na simu, wakatafute vilalio wapige picha kama hii. Nikamwona mume wangu anashika ukingo wa meza.

"Usiwapeleke, mwalimu," akasema. "Picha hii ni nzuri kwa sababu nyasi zilikatwa. Nilizikata mimi. Kitoto kililiwa siku hiyo hiyo, na mama yake alikuja akakikosa. Hiyo kadi ni uongo."

Mkutubi akanigeukia mimi, na nikajua anakumbuka nani aliyemwambia.

"Mke wangu hakujua," mume wangu akaendelea, haraka kidogo. "Alikuwa amebaki njiani akinisubiri. Alichokwambia, alikisema kwa kuniamini. Msimlaumu."

Nilitakiwa kusimama pale pale. Magoti yangu yalikuwa mazima, ulimi ulikuwa mzima. Watu wakaanza kunong'ona, na wote walikuwa wanamtazama yeye kwa jicho baya, mtu ambaye kwa miaka sita hakusogeza jani.

Mkutubi akaibandua ile kadi. Akaja mpaka kwenye mstari wa pili, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga.

"Pole sana, dada yangu. Kumbe hata wewe alikuficha."

Juu ya bega lake nilimwona mume wangu. Alitikisa kichwa kidogo, akinikataza.

"Nimeshapoa," nikasema.