Nyasi za Boma la Babu

Juzi jirani yangu hapa mjini Isiolo alinunua gunia la samadi ya mbuzi kwa ajili ya sukuma wiki zake. Aliliacha wazi uani, mvua ikalinyeshea, na harufu ikapenya dirishani nikiwa nakunywa chai. Watu wengi huipenda harufu ya mvua ya kwanza, na siwalaumu. Mimi ikichanganyika na samadi kuukuu hufunga dirisha, na nitawaeleza kwa nini.

Nilikulia nje ya Kulamawe, kwenye udongo mwekundu mgumu, ambako migunga na vichaka vya hammesa husimama bila jani hata moja sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka ninaousimulia, ukame ulimaliza ng'ombe wetu mmoja mmoja mpaka akabaki Dimtu, jike mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Mama alikuwa amekaukiwa na maziwa, kwa hiyo mdogo wangu Guyo, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, aliishi kwa kikombe alichotoa Dimtu kila asubuhi. Basi tulimhudumia yule ng'ombe kama mgeni wa heshima. Mama alimkatia matawi ya mgunga, nami nikaomba maboksi matupu dukani, tukayaloweka, akayala. Kusimama mwenyewe hakuweza. Baba alishika pembe, mama mkia, mimi nikaingiza bega chini ya mbavu, tukamwinua. Nilijiona mimi ndiye niliyebeba uzito wote.

Kisha mvua ikanyesha. Kwenye udongo mwekundu maji yaliteleza tu, yakakimbilia laga, ule mto mkavu, yakatuachia matope na miba. Lakini palikuwa na mahali pamoja tofauti, boma la zamani la babu, mzaa baba. Ng'ombe wake walilala pale miaka mingi kabla familia haijahama, na udongo wake ulikuwa wa kijivu, mwororo, wa kupenya katikati ya vidole vya miguu. Hapo nyasi zilichipuka haraka, duara la kijani kibichi katikati ya wekundu wote ule. Nilipoziona nilipiga mbio hadi nyumbani nikicheka.

Kwetu ng'ombe aliyevuka ukame alilishwa kwanza kwenye boma la mzee, kama kumpelekea marehemu salamu. Baba alivaa kikoi safi, akamfunga Dimtu kamba. Mama, Guyo akiwa mgongoni, alimzuia mlangoni.

"Baba Guyo, tumbo yake imesahau nyasi," alisema. "Mpee kidogo tu, alafu umrudishe."

"Hii ni boma ya baba yangu," baba akajibu. "Wacha akule ashibe. Amengoja sana."

Dimtu alikula bila kuinua kichwa. Jua lilipoanza kushuka alitetemeka, akahema kama aliyekimbizwa, akapiga magoti, na ufizi wake ukageuka kahawia. Baba alisema bismillahi akamchinja kabla hajafa mwenyewe. Damu ilitoka na rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa. Wazee waliokuja kutazama hawakuthubutu kuonja nyama ile.

Guyo alipewa maji ya sukari, kisha uji mwepesi ambao tumbo lake liliukataa. Alikuwa mtoto wa kucheka ovyo. Aliacha kucheka, halafu akaacha kulia, na huko kunyamaza kulinitisha zaidi. Tulimzika kabla nyasi zile hazijatoa mbegu.

Baada ya hapo baba hakula wala kusema na mtu. Kila asubuhi alikwenda kwenye boma la babu kung'oa nyasi kwa mikono, mpaka vidole vikapasuka. Nilidhani anatafutia mbuzi wa majirani chakula. Siku moja mama alimfuata, nami nikamfuata mama. Alichuchumaa kando yake, akaanza kung'oa naye, na baada ya muda akasema, "Hata mimi niliiona hii nyasi ni nzuri."

Baba aliweka uso kwenye viganja vyake vyenye udongo, akalia. Jioni ile alikunywa chai.

Mimi nilikasirika sana. Nilikuwa nimemsikia mama kwa masikio yangu akimzuia, na sasa nilimwona mwongo.

Nilikuwa mtu mzima daktari wa mifugo alipotueleza kwamba udongo ulioshiba samadi na mkojo, baada ya ukame mrefu, huzijaza nyasi za kwanza sumu, na ng'ombe dhaifu akila hadi kushiba hufa. Baba aliuliza swali moja tu: samadi hiyo ni ya ng'ombe wa baba yake? Akajibiwa ndiyo. Mama hakumtazama. Alimwongezea chai.

Nilimtazama mama, na hapo ndipo nilipomwelewa. Alijua alichosema pale mlangoni, na alijua baba anakijua. Lakini alikuwa amekwisha kumzika mtoto, na mumewe alikuwa anakauka mbele ya macho yake, kwa hiyo akajitwika nusu ya kosa ambalo halikuwa lake.